Pembetatu Sawa Haikuwa "Sawa": Nilivyorudi Kusoma Jometri Ukubwani

Siku ya kwanza ya jometri mwalimu alichora pembetatu ubaoni, akageuka, akauliza, "Je, hii ni pembetatu sawa?"

Nilikuwa na miaka 31, nimekaa dawati la nyuma katikati ya vijana ambao wengi wao walikuwa na nusu ya umri wangu. Nilikuwa natafuta swali jepesi la kujibu ili nionekane nami nimo. Nikanyoosha mkono. "Ndiyo, mwalimu, iko sawa."

Darasa zima likaangua kicheko. Pembetatu ile ilikuwa na upande mmoja mrefu kama ngazi na mwingine mfupi kama kidole. Mwalimu alikuwa anauliza kama pande zote tatu zina urefu mmoja. Mimi nilisikia anauliza kama ameichora vizuri. Mwalimu mwenyewe, kijana kwangu kwa miaka minne au mitano, aliuma midomo asicheke, akasema, "Dada, kaa tu, jibu lako tutalirudia." Nikakaa. Nilirudi nyumbani usiku ule nimeshaamua kwamba sirudi tena.

Nilirudi kwa sababu moja tu: mafunzo niliyokuwa nayataka yalidai cheti chenye hesabu iliyofaulu, na hesabu nilikuwa nimeiacha nyuma zaidi ya miaka kumi. Mtihani nikaufanya mara mbili. Mara ya kwanza nilianguka, na nilipoziangalia alama zangu niliona wazi kwamba hesabu za kujumlisha, asilimia na hata zile za herufi nilizimudu. Jometri ndiyo iliyonizamisha. Ninayoandika hapa ni ya mwaka ule wa kurudia, kwa yeyote anayeanza au anayemsaidia mtoto kuanza, asije akaupoteza muda kama mimi.

Kilichonichelewesha zaidi ya yote ni kwamba maneno ya jometri niliyajua. Neno geni kabisa ukikutana nalo unasimama, unauliza. Lakini pembe, mstari, sawa, duara, pacha, wima, haya nimeyasema tangu utotoni, nikadhani yananijua nami nayajua. Kumbe darasani kila moja limewekewa masharti, na usipoyatimiza masharti hayo jibu lako ni kosa hata kama kwa mazungumzo ya kawaida umesema kweli tupu.

Chukua pembe. Kwangu pembe ilikuwa ya ng'ombe, au ya chumba. Mwalimu alichora pembe mbili, moja ina mikono mirefu, nyingine mikono mifupi, akauliza ipi kubwa. Nikaionyesha ile ya mikono mirefu. Zote mbili zilikuwa na nyuzi 40. Akaenda kwenye kabati, akarudi na mikasi miwili, mmoja wa kukatia kitambaa na mwingine mdogo wa karatasi, akaifungua kwa kiasi kimoja, akaiweka mmoja juu ya mwingine. Uwazi ule ule. Pembe ni uwazi kati ya mistari miwili inayokutana kwenye nukta moja. Urefu wa mistari hauongezi wala haupunguzi kitu, kama vile mkasi mkubwa unavyoweza kufunguka kidogo. Tangu siku hiyo, kila ninapoona pembe kwenye swali huwa nauona mkasi.

Baada ya hapo nilinunua daftari dogo, nikaligawa kila ukurasa sehemu tatu: neno, maana yake ya mtaani, masharti yake ya darasani. Sehemu ya katikati ndiyo iliyoniokoa. Wanafunzi wengi huandika neno na maana ya darasani tu, halafu ile ya mtaani inabaki kichwani ikiwavizia siku ya mtihani. Mimi niliiandika ili niione uso kwa uso.

Na nilipoanza kuyaangalia maneno kwa karibu niligundua kwamba Kiswahili chenyewe kinasaidia, ukikisikiliza. Pembe iliyo chini ya nyuzi 90 ni pembe kali, ile inayozidi 90 lakini haijafika 180 ni pembe butu. Ni maneno ya kisu. Kali imechongoka, inachoma. Butu imepanuka, haikati kitu. Sikuchanganya tena. Pembetatu yenye pande mbili zinazolingana inaitwa pembetatu pacha, na pacha ni wawili. Ile ambayo pande zake zote tatu zinatofautiana ni pembetatu guni. Hili lilinisumbua hadi nilipokumbuka masomo ya ushairi: shairi guni ni lile ambalo mizani au vina vyake vimepotoka, mstari huu mrefu, ule mfupi. Pembetatu guni ni shairi lililokosa mizani. Mraba nao nikaukamata kwa jamaa zake: robo na arobaini. Yote matatu yana asili moja ya Kiarabu, ile ya nne. Kitovu cha duara ni kitovu kweli, katikati ya tumbo. Umbo liitwalo pia, lile lenye kitako cha duara na ncha moja juu, ni ile pia ya kuchezea watoto, igeuze tu isimame kwa kitako.

Mstari ulinipa tabu kuliko nilivyotarajia. Nilichokuwa nakiita mstari maisha yangu yote, ule unaoanza hapa na kuishia pale, darasani ni kipande cha mstari. Mstari wenyewe hauna mwanzo wala mwisho, ndiyo maana huchorwa na vishale pande zote mbili. Na ule wenye mwanzo mmoja unaokwenda bila kukoma ni mwale, kama mwale wa jua unavyotoka sehemu moja ukaendelea. Swali linaposema "chora kipande cha mstari AB" na wewe ukaupitisha rula hadi nje ya A na B, alama imekwenda. Ilinitokea mara mbili. Mara ya pili nilibishana na mwalimu kabisa, nikamwambia anatafuta visa.

Hata nukta nilibishana nayo. Nilichora nukta kwa penseli, nikaambiwa nukta haina upana. "Mbona naiona?" Ndipo nikaelezwa kwamba Euclid, aliyefundisha Alexandria yapata miaka 300 kabla ya Kristo, alianza na jambo hilo hilo: nukta ni kitu kisicho na sehemu ndani yake. Ile alama ya penseli ni kibao tu cha kuelekeza mahali. Niliona ni maneno ya watu wenye nafasi. Baadaye nilipokuwa nachora kwa bikari, kile kifaa cha kuchorea duara, na mistari yangu mitatu inakataa kukutana mahali pamoja, nilielewa kwa nini penseli ichongwe hadi iwe kama sindano.

Kuhusu vifaa sina mengi. Kipimapembe ndicho kilichonitia aibu. Kina safu mbili za namba, moja inaanza 0 kulia, nyingine kushoto, na mimi nilisoma safu yoyote iliyonijia mbele ya macho. Pembe iliyoonekana wazi kwamba ni butu, imepanuka kabisa, nikaiandikia nyuzi 50. Ilikuwa 130. Dawa yake haikuwa kupima kwa makini zaidi, maana kupima nilipima vizuri. Dawa ni kuitazama pembe kabla ya kushika kifaa na kuandika pembeni neno moja: kali au butu. Ukishaandika "butu", namba 50 haiwezi kukudanganya. Jingine ni lile tundu dogo la katikati ya kipimapembe: likae juu ya kipeo cha pembe, ile nukta mistari yake miwili inapokutana, na mstari wa 0 ulale juu ya mkono mmoja wa pembe. Vipo vipimapembe ambavyo mstari wa 0 hauko kwenye ukingo wa chini wa plastiki, umepanda juu kidogo. Changu kilikuwa hivyo, nami nilikuwa naweka ukingo. Wiki tatu nzima majibu yangu yalikuwa yanakosea kwa nyuzi chache na sikujua kwa nini.

Mtihani wa kwanza niliuangukia kwenye picha. Kulikuwa na pembetatu iliyochorwa, na kwa macho yangu pande zake tatu zilionekana zinalingana. Nikaandika nyuzi 60 kila pembe, nikapiga hesabu tatu juu ya hizo 60, zote zikawa hewa. Kwenye mchoro, pande mbili tu ndizo zilizokuwa na kialama kidogo cha kukata. Ilikuwa pembetatu pacha. Vialama vile nilikuwa naviona siku zote nikidhani ni madoido: kijistari kinachokatiza upande kinasema upande huu unalingana na wenzake wenye kijistari kama hicho, vishale katikati ya mistari vinasema ni sambamba, na kijisanduku kwenye kona kinasema hapa pana pembe mraba, nyuzi 90 kamili. Kama kijisanduku hakipo, na maelezo hayasemi, basi hata kona ikionekana imenyooka namna gani huruhusiwi kuiita pembe mraba. Mchoro huwa unaeleza mpangilio tu, vipimo vyake havina dhamana. Sasa huwa nasoma vialama kwanza, halafu maelezo, picha mwisho.

Somo la ulinganifu, ambalo wengine huliita simetri, nililiingia kwa kujiamini. Vijana walisema ni rahisi, ni kukata umbo katikati. Na hapo ndipo nilipotumbukia shimo refu kuliko yote.

Nilifundishwa, au tuseme nilisikia, kwamba mstari wa ulinganifu ni ule unaoligawa umbo katika nusu mbili zinazolingana. Nikapewa mstatili, nitaje una mistari mingapi. Nikaona wa wima katikati, wa mlalo katikati, na ile miwili ya mshazari inayotoka kona hadi kona inayotazamana nayo. Kila mmoja unatoa nusu mbili zinazolingana. Nikajibu minne. Mwalimu akaweka alama ya kosa. Nikamfuata baada ya kipindi. "Mwalimu, nimekosea wapi? Si inaligawa nusu kwa nusu?"

Hakunijibu. Alinipa karatasi, ile ya kawaida ya A4, milimita 210 kwa 297. "Ikunje, dada, kwa mshazari. Kona hadi kona."

Nikaikunja. Nikapitisha ukucha juu ya kunjo. Kona mbili zilizobaki hazikuangukiana. Zilitokeza huku na huku kama masikio mawili ya sungura. Nikaikunjua, nikaikunja tena kwa nguvu zaidi, kana kwamba karatasi ndiyo yenye kosa. Masikio yale yale.

Kisha akaniambia niikate kwenye lile kunjo. Nikapata pembetatu mbili. Akasema niweke moja juu ya nyingine zifunikane. Nikazisogeza, nikazigeuza, hadi moja nilipoizungusha nusu mzunguko ikakaa pale pale juu ya mwenzake, bila kuzidi hata unywele. Nilisimama nimezishika zile karatasi mbili. Zinalingana kweli, macho yangu hayakunidanganya. Ila mshazari hauzifanyi ziwe kioo cha kila moja. Ili zifunikane lazima uzungushe, na mstari wa ulinganifu unadai ukunje.

Kwa hiyo neno la kuandika daftarini ni kukunja. Mstari wa ulinganifu ni ule ambao ukilikunja umbo juu yake, nusu moja inaifunika nyingine kabisa, ukingo kwa ukingo. Nusu kulingana ni lazima, lakini hakutoshi. Ningeambiwa hivyo siku ya kwanza ningeokoa mwezi mzima, ingawa sina hakika kama ningesadiki bila zile karatasi.

Jioni ile nilikata kila umbo nililolijua. Mraba: mistari minne, miwili ya katikati na miwili ya mshazari. Rombasi, ile ya pande nne zinazolingana lakini iliyoegemea: miwili, yote ya mshazari. Mstatili: miwili, yote ya katikati. Nikaitazama orodha hiyo kwa muda mrefu kabla sijaona kilichokuwa mbele yangu. Miwili ya mstatili ukijumlisha na miwili ya rombasi unapata minne ya mraba.

Ili ulione hilo lazima kwanza ukubali jambo ambalo lilinichukua muda kulimeza: mraba ni mstatili. Nilikuwa nabisha. Mstatili ni mrefu, nilisema, jina lenyewe linatoka kwenye neno la Kiarabu la kitu kilichorefuka. Lakini masharti ya mstatili ni pande nne na pembe mraba nne, basi. Mraba unayatimiza yote, kisha unaongeza lake la pande kulingana. Kila jogoo ni kuku, si kila kuku ni jogoo. Na mraba ni rombasi vilevile, kwa kuwa pande zake nne zinalingana. Umerithi kote kuwili, ndiyo maana unakunjika kwa njia za mstatili na kwa njia za rombasi. Nililigundua hili peke yangu, usiku, na mkasi mkononi, na nakiri nilicheka kwa sauti.

Halafu msambamba. Umbo la pande nne ambalo kila upande uko sambamba na ule unaotazamana nao, limeinama kama mstatili uliosukumwa ubavuni. Nilikata mmoja usio mstatili wala rombasi, nikaukunja kila namna niliyoweza kufikiri. Hakuna kunjo hata moja lililokubali. Sifuri. Lakini weka kidole katikati yake, uzungushe nusu mzunguko, unajikalia mahali pake kana kwamba haukuguswa. Huu ni ulinganifu wa mzunguko, na msambamba ndio uliouweka wazi kwangu, maana wenyewe hauna ulinganifu mwingine wa kukuchanganya.

Maumbo mengine nikayapita haraka. Pembetatu sawa ina mistari mitatu, pacha mmoja, guni hauna. Tiara, lile umbo la kishada, ina mmoja. Poligoni, yaani umbo lililofungwa kwa pande zilizonyooka, yoyote ambayo pande zake zote zinalingana na pembe zake zote zinalingana ina mistari mingi sawa na idadi ya pande: pembetano 5, pembesita 6, pembenane 8. Duara lina isiyohesabika, kila kipenyo, yaani mstari unaolikatiza kupitia kitovu, ni mstari wa ulinganifu.

Kuhesabu ulinganifu wa mzunguko kulinipatia kosa jingine la kijinga. Unalinakili umbo kwenye karatasi nyembamba inayoonyesha, unaweka nakala juu ya umbo, unachoma ncha ya penseli katikati, unazungusha, unahesabu mara ngapi nakala inafunika umbo hadi ukamilishe mzunguko mmoja. Kwa mraba nilipata 5. Nilikuwa nahesabu pale pa kuanzia, kisha naporudi pale pale nahesabu tena. Hesabu mwisho, acha mwanzo. Mraba ni 4, kila nyuzi 90. Pembetatu sawa ni 3, kila nyuzi 120. Nyuzi 360 ukizigawa kwa idadi hiyo unapata pembe ya kuzungusha, na hapo nikaona faida ya 360, ambayo inagawanyika kwa 2, 3, 4, 5, 6, 8, 9, 10 na 12 bila kubakiza. Kwa 7 inagoma, ndiyo maana pembesaba ni tabu kuichora kwa kipimapembe.

Furaha ya somo hili tuliipata kwenye herufi, mimi na kijana niliyekaa naye dawati moja. Alikuwa na miaka 15, naye alikuwa anarudia. Siku moja mvua ilituzuia kutoka, akaanza kuandika herufi kubwa na kuziwekea kioo kidogo. A, M, T, U, V, W na Y zinakunjika kwa mstari wa wima. B, C, D, E na K zinakunjika kwa mlalo, mradi uziandike kwa usawa, matumbo mawili ya B yawe saizi moja. H, I na O zinakubali kote kuwili. N, S na Z hazikunjiki popote, lakini zipindue juu chini zinabaki zilivyo, ni jamaa za msambamba. F, G, J, L, P na R hazina lolote, maskini.

"Dada," akaniambia, "andika KIOO."

Nikaandika kwa herufi kubwa. Akafunika nusu ya chini kwa karatasi, akasimamisha kioo juu ya mstari wa katikati. Ndani ya kioo ilitokea nusu ya chini, na neno likasomeka zima: KIOO. Herufi zote nne zinakunjika kwa mlalo. Tukaanza kutafuta mengine kama wenda wazimu. BIDII inakubali. HEKO inakubali. Kisha ya wima: ukiandika neno kwa kulishusha, herufi chini ya herufi, MAUMIVU inakubali yote saba, na kijana akasema hilo ndilo jina halisi la somo hili. UTU tukaikuta inakubali hata ikiandikwa kawaida, kutoka kushoto kwenda kulia: weka kioo katikati ya T, upande mmoja unajaza mwenzake. OHO tukaipa ubingwa, maana inakunjika kwa wima, inakunjika kwa mlalo, na ukiipindua juu chini bado ni OHO.

Kwa anayemfundisha mtoto, anzia hapa, kwenye jina lake mwenyewe kwa herufi kubwa. Mtoto akishajua kwa nini S haina mstari wa ulinganifu ingawa "inaonekana sawasawa", msambamba hautamsumbua.

Sitaki kuficha gharama. Mwaka mzima nilikuwa natenga kama dakika 40 kila jioni, na jioni nyingi kati ya hizo ziliishia kwenye hasira. Kuna kipindi cha majuma mawili niliacha kabisa, nikawadanganya watu wangu kwamba naenda darasani. Umri una aibu yake: kijana akikosea anafuta na kuendelea, mtu mzima akikosea anaanza kuwaza maisha yake yote. Na nilikosa kuuliza. Miezi ya mwanzo sikuuliza swali hata moja kwa kuogopa kicheko kile cha siku ya kwanza, wakati maswali yangu, nilivyokuja kujua, yalikuwa ndiyo maswali ya nusu ya darasa. Siku nilipouliza mbele ya wote kwa nini kufanana na kulingana ni maneno mawili, niliona daftari zikifunguliwa. Maumbo yanayolingana yana sura moja na saizi moja, ukiyaweka juu ya jingine yanafunikana. Yanayofanana yana sura moja, pembe zake ni zile zile, lakini saizi inaweza kutofautiana, kama picha na picha yake iliyokuzwa. Mtaani tunasema "mtoto huyu anafanana na baba yake" hata kama pua tu ndiyo inayowaunganisha. Jometri haikubali pua peke yake.

Kitu kingine kilichonisaidia ni kusema kwa mdomo. Nilikuwa namwelezea yule kijana umbo bila kulitaja jina wala kulichora, yeye achore kutokana na maneno yangu. Nikisema "lina pande nne, mbili zinazotazamana ni sambamba", yeye akachora trapeza, lile umbo ambalo jozi moja tu ya pande ni sambamba, na mimi nilikuwa nakusudia msambamba. Hapo unagundua sharti ulilolisahau. Tulicheza hivyo hadi tukawa tunagombana kwa usahihi.

Mtihani wa pili ulikuwa na swali la mistari ya ulinganifu ya maumbo matano, na la tatu lilikuwa msambamba. Niliandika 0, nikaiangalia. Sifuri kwenye nafasi ya jibu inaonekana kama umeshindwa. Mkono ulitaka kuandika 2. Nikachana kipande cha karatasi yangu ya kufanyia hesabu, nikakikata kwa kucha kiwe kama msambamba, nikakikunja chini ya meza kwa mshazari. Masikio. Nikaacha sifuri yangu.

Nilifaulu, ingawa si kwa kishindo. Swali moja la ulinganifu nililikosa tena, lile la kuakisi umbo kwenye kioo kilicholala mshazari juu ya karatasi ya miraba. Nilihesabu miraba kwenda kulia kutoka kwenye nukta hadi kwenye kioo, kisha nikahesabu mingine kama hiyo kuendelea kulia. Kioo kikiwa cha wima njia hiyo inafanya kazi, na mazoezi yangu karibu yote yalikuwa ya kioo cha wima. Kikiinama, umbali hupimwa kwa kukikabili kioo kwa pembe mraba, kisha unavuka upande wa pili kwa umbali ule ule, bila kubadili uelekeo. Kijana wangu wa dawati alilipata. Nilimuuliza alifanyaje, akanionyesha: aliizungusha karatasi nzima ya mtihani hadi kioo kikasimama wima mbele yake.